Kasi Mpya, Breki za Kale: Usalama wa Mwendeshaji wa Baiskeli ya Umeme Mtongwe

1.0 Utangulizi

Mtongwe ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Wakenya wengi walilijua jina hili kwa njia ya msiba. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikiwavusha abiria kutoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka muda mfupi baada ya kung'oa nanga, na watu 272 wakapoteza maisha yao. Feri hiyo ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Kwa sababu hiyo, mkazi wa Mtongwe hahitaji kuhubiriwa kwamba safari fupi ya kila siku inaweza kuua. Anajua pia kwamba chombo huangamiza pale kinapotakiwa kufanya kazi ambayo hakikuundiwa.

Chombo kinachojadiliwa katika makala haya ni kidogo mno kikilinganishwa na feri, lakini kanuni ni ile ile. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua mjini Mombasa mpango wa kueneza pikipiki za umeme nchini. Mwaka huo huo, Sheria ya Fedha iliweka pikipiki na baiskeli za umeme katika kundi la bidhaa ambazo kiwango chake cha kodi ya ongezeko la thamani ni sufuri. Pikipiki ndizo zilizovuma zaidi. Hata hivyo, kwa mwanafunzi, fundi au mchuuzi ambaye hana uwezo wa kununua pikipiki, baiskeli ya umeme ni njia nafuu ya kufika kivukoni bila kutoka jasho jingi na bila kununua petroli.

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi ya kuendesha baiskeli hiyo kwa usalama katika mazingira ya Mtongwe, hasa wakati wa mvua, mchanga, upepo, msongamano wa kivukoni na giza. Hoja kuu ni kwamba mota humwongezea mwendeshaji kasi, lakini haimwongezei uwezo wa kusimama. Aidha, makala yanaonyesha kwamba maarifa haya hayatamfaa mwendeshaji iwapo hayataelezwa kwa Kiswahili anachokitumia barabarani.

2.0 Baiskeli ya umeme ni chombo gani?

Baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye pedali kama nyingine, ila imeongezewa betri, mota na kifaa cha kudhibiti umeme unaopita baina yao. Mota hukaa katika mojawapo ya sehemu tatu: ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, au kwenye mhimili wa pedali. Kuna baiskeli ambazo mota yake husaidia tu wakati mwendeshaji anapokanyaga, na kuna zile zenye akseleta ya mkononi kama ya pikipiki.

Nchi mbalimbali zimejaribu kuweka mpaka baina ya baiskeli na pikipiki. Katika Umoja wa Ulaya, chombo hiki huhesabiwa kuwa baiskeli iwapo nguvu ya mota haizidi wati 250, iwapo mota husaidia tu mtu anapokanyaga, na iwapo msaada huo hukatika mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Katika majimbo mengi ya Marekani, msaada wa mota unaruhusiwa hadi kilomita 32 au 45 kwa saa kutegemea daraja la baiskeli. Tofauti za viwango hivi zinaonyesha kwamba kasi ndiyo inayobadilisha hadhi ya chombo, hata kama umbo lake halijabadilika.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, kwa kuwa si kila baiskeli ya umeme hutoka kiwandani ikiwa imekamilika. Fundi anaweza kufunga mota na betri kwenye baiskeli kuukuu, mathalani ile inayojulikana Kenya kwa jina la Black Mamba. Baiskeli hiyo imesifiwa kwa uimara wa fremu yake na uwezo wake wa kubeba mizigo. Lakini breki zake ni za vyuma virefu vinavyovuta mpira dhidi ya rimu ya chuma, na ziliundwa kwa mwendo wa miguu ya binadamu. Kuifunga mota ni kuipa kasi mpya huku ikibaki na breki za kale. Baiskeli kamili za umeme nazo ni nzito, nyingi zikiwa na uzani wa kati ya kilo 20 na 30 kabla mwendeshaji hajapanda wala kupakia mzigo.

3.0 Hesabu ya kusimama

Umbali wa kusimama una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ule ambao baiskeli huenda kabla mkono haujabana breki, yaani tangu jicho lione hatari hadi mwili utende. Kwa mtu aliye makini, muda huo hukadiriwa kuwa sekunde 1. Sehemu ya pili ni umbali unaotumika tangu breki ishike hadi magurudumu yasimame.

Mwendeshaji anayekwenda kilomita 15 kwa saa husafiri mita 4.2 katika sekunde 1. Anayekwenda kilomita 25 kwa saa husafiri mita 6.9. Tuseme kwamba breki ni nzuri, lami ni kavu, na mwendo hupungua kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Wa kwanza atasimama baada ya takriban mita 6 kwa jumla, na wa pili baada ya takriban mita 12. Mvua ikinyesha na mshiko wa tairi ukapungua kwa nusu, wa kwanza atahitaji karibu mita 8, ilhali wa pili atahitaji karibu mita 17.

Sababu ya tofauti hiyo ni kwamba nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 15 hadi 25 kwa saa si hata maradufu, lakini nguvu ambayo breki inatakiwa kuimaliza huwa karibu mara tatu. Mwendeshaji hahisi ongezeko hili, kwa sababu miguu yake haikuifanya kazi hiyo. Mota ndiyo iliyoifanya. Mtu anayekanyaga baiskeli ya kawaida huonywa na pumzi yake mwenyewe kwamba anakwenda mbio. Anayesaidiwa na mota hana onyo hilo. Mtoto anayefuata mpira barabarani mita 10 mbele ya baiskeli yupo salama au hayupo salama kwa hesabu hiyo tu.

4.0 Hali za hatari katika mazingira ya Mtongwe

4.1 Mvua

Mvua za masika huanza mwezi Machi, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Hatari kubwa huja katika dakika za mwanzo za mvua baada ya siku nyingi za jua. Vumbi na mafuta yaliyodondoka kutoka kwa magari huchanganyika na maji na kufanya utando telezi juu ya lami. Mvua ikiendelea kunyesha, utando huo huoshwa. Kwa hiyo, mwendeshaji asidanganyike kwamba manyunyu ni salama kuliko mvua kubwa.

Maji pia hupunguza uwezo wa breki zinazobana rimu, hasa rimu za chuma. Inafaa mwendeshaji azibane breki kidogo mara kwa mara ili mpira uufute unyevu kabla hajahitaji kusimama. Apunguze mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, kwani tairi inayopinda na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja hupoteza mshiko kwa urahisi. Mistari iliyopakwa rangi, vifuniko vya mitaro na vyuma vingine vya barabarani avivuke akiwa amenyooka, bila kubana breki. Dimbwi ambalo chini yake hapaonekani lichukuliwe kuwa ni shimo hadi ithibitike vinginevyo. Maji yakifika kwenye kitovu cha gurudumu, ashuke na kuisukuma baiskeli mota ikiwa imezimwa, kwa kuwa vifaa vya baiskeli hizi hustahimili kurushiwa maji lakini vingi havistahimili kuzamishwa.

4.2 Mchanga na kokoto

Vichochoro vingi vya pwani havina lami, na hata penye lami, kingo zake humomonyoka na kufunikwa na mchanga. Mchanga hauishiki tairi, bali huisogeza. Mwendeshaji ambaye mota yake imo katika gurudumu la mbele ana sababu ya ziada ya kujihadhari. Nguvu ya mota ikija ghafla, gurudumu hilo huzunguka papo hapo bila kusonga mbele, na usukani hupoteza kazi yake. Dawa ni kupunguza kiwango cha msaada wa mota kabla ya kuingia mchangani, kuushika usukani bila kuukaza, na kukanyaga kwa mwendo ulio sawa.

Wahenga walisema kwamba mwenda pole hajikwai. Methali hiyo ilisemwa kwa mtu anayetembea kwa miguu. Baiskeli inayokwenda polepole kupita kiasi huyumba, kwa sababu husimama wima kwa kusahihishwa daima na usukani wakati inasonga. Upole wa mwendeshaji basi hauna budi kuwa na kipimo: mwendo wa kutosha kuiweka baiskeli wima, lakini usiozidi uwezo wa kusimama. Kipimo hicho kikikosekana, ni heri kushuka na kutembea.

4.3 Kivukoni

Huduma ya feri ya Mtongwe imekuwa ikisimama na kurejeshwa tangu mwaka 1994, na wakazi wengi huelekea kivuko cha Likoni. Takwimu zilizokuwa zikitolewa na Shirika la Huduma za Feri zilikadiria kwamba zaidi ya watu 300,000 huvuka hapo kila siku. Katika msongamano huo, mwendeshaji hana nafasi ya kusimama wala ya kuanguka.

Mteremko wa kuingilia feri hubadilika kwa kufuata maji. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, mteremko huwa mrefu zaidi, na sehemu yake ya chini ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa baharini hubaki na unyevu na utelezi. Mlango wa feri nao ni wa chuma. Tarehe 29 Septemba 2019, gari moja liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katikati ya mlango wa bahari wa Likoni, na mama pamoja na bintiye wakafa maji. Tukio hilo lilikumbusha umma kwamba chombo chenye magurudumu hakitulii chenyewe juu ya feri.

Kwa mwendeshaji wa baiskeli ya umeme, kanuni ni tatu. Kwanza, ashuke kabla ya mteremko kuanza. Pili, azime umeme kabisa, wala asiridhike na kuacha kukanyaga, kwa kuwa mkono ukigusa akseleta au mguu ukigonga pedali, baiskeli inaweza kuruka mbele na kuwavamia walio mbele yake. Tatu, asimame upande wa baiskeli ulio mbali na ukingo, mkono mmoja ukiwa juu ya breki, hadi feri itie nanga na watu waanze kushuka kwa utaratibu.

4.4 Upepo na malori

Msimu wa kusi, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, huleta upepo mkali kutoka kusini. Katika mitaa yenye nyumba na minazi, upepo huo hupunguzwa makali. Hali ni tofauti katika barabara mpya ya Dongo Kundu inayounganisha Miritini na kusini mwa Mombasa kupitia madaraja ya Mwache na Mteza. Juu ya daraja hakuna cha kuukinga upepo. Nguvu ya upepo nayo huongezeka kwa mraba wa kasi yake, sawa na ilivyo kwa mwendo wa baiskeli.

Barabara hiyo hupitiwa na malori ya bandarini. Lori linapompita mwendeshaji, kwa muda mfupi humkinga upepo, kisha upepo humrudia kwa ghafla. Aliyekuwa ameegemea upande wa upepo hujikuta anavutwa kuelekea katikati ya barabara. Mwendeshaji apunguze mwendo anaposikia lori nyuma yake, ainamishe mwili, na aache nafasi kushotoni mwake ya kuyumbia. Mzigo mpana, kama godoro au kapu kubwa, usibebwe hapo kabisa wakati wa upepo.

4.5 Giza na haraka ya magharibi

Mombasa iko karibu na ikweta, na kwa hiyo utusitusi wa jioni ni mfupi. Jua likishatua, giza huingia kwa haraka. Saa hiyo ndiyo ambayo wafanyakazi wanarudi kutoka kisiwani, na katika mwezi wa Ramadhani ndiyo saa ambayo wengi wanaharakisha wawahi futari. Mtu aliyeshinda na njaa na kiu huwa mzito wa kutenda. Ile sekunde 1 ya hesabu iliyotangulia inaweza kuwa sekunde 2, nayo peke yake huongeza karibu mita 7 kwa anayekwenda kilomita 25 kwa saa.

Taa ya mbele iwe nyeupe na ielekezwe chini kidogo, ili isiwapofushe wanaokuja. Taa ya nyuma iwe nyekundu. Mwendeshaji asiende kasi kuliko umbali ambao taa yake inamulika: ikiwa anaona mita 10 tu, basi kilomita 25 kwa saa ni nyingi mno hata kwenye lami kavu. Aidha, mota haina mngurumo. Mtembea kwa miguu aliyezoea kuisikia bodaboda kabla ya kuiona hatasikia chochote, na ndiyo maana kengele haiwezi kuhesabiwa kuwa pambo.

Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji wa pikipiki avae helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, na humruhusu kubeba abiria mmoja tu. Anayeendesha baiskeli ya umeme kwa kasi inayokaribia ya pikipiki atafanya busara kujiwekea masharti yayo hayo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 1999 yalibaini kwamba helmeti hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa kwa waendesha baiskeli kwa kati ya asilimia 63 na 88.

5.0 Betri, chumvi na moto

Hatari haiishi mwendeshaji anapofika nyumbani. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huchangamsha kutu kwenye viungio vya umeme. Viungio hivyo vifutwe kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, hasa baada ya safari ya feri. Baiskeli ioshwe kwa maji baridi kidogo kidogo. Isielekezewe bomba lenye nguvu, kwani maji hupenya penye vizibo.

Betri nyingi za baiskeli hizi ni za lithiamu. Betri ya aina hii ikipasuka, ikilowa ndani au ikichajiwa kwa chaja isiyolingana nayo, inaweza kupata joto linalojizidisha lenyewe hadi ikawaka. Katika jiji la New York, mioto iliyosababishwa na betri za lithiamu iliua watu 18 mwaka 2023, na mwaka huo huo jiji hilo likaanza kudai kwamba baiskeli za umeme zinazouzwa huko ziwe zimethibitishwa kwa kiwango cha UL 2849. Mnunuzi wa Mombasa naye anaweza kutafuta alama hiyo, au ile ya Ulaya ya EN 15194, kabla ya kutoa fedha zake.

Katika nyumba ya chumba kimoja yenye mlango mmoja, kosa kubwa zaidi ni kuchaji betri karibu na mlango usiku wakati watu wamelala. Betri ikiwaka, njia pekee ya kutokea huzibwa na moto. Betri ichajiwe mchana, mtu akiwa macho, mbali na mlango, mbali na godoro na mapazia, na isiachwe juani. Ikiwa imelowa, isichajiwe hadi fundi aikague. Ikivimba, ikivuja au ikitoa harufu isiyo ya kawaida, iondolewe nyumbani na isitumike tena.

6.0 Lugha ya usalama

Maelezo yanayoandamana na vyombo hivi aghalabu huwa kwa Kiingereza au Kichina. Mwendeshaji wa Mtongwe hujifunza kwa kusikia, kutoka kwa fundi na kwa wenzake, na maneno anayoyasikia yana athari kwa mikono na miguu yake.

Mfano wa kwanza ni usemi "funga breki", ambao ni wa kawaida sana nchini Kenya. Kitenzi "funga" hubeba dhana ya kukaza hadi mwisho. Gurudumu lililofungwa kwa maana hiyo halizunguki tena, bali huburuzwa. Likiburuzwa kwenye maji au mchanga, baiskeli huteleza, na gurudumu la mbele likifungwa, mwendeshaji huanguka. Ushauri ulio sahihi katika mvua ni kuzibana breki zote mbili taratibu, kuongeza nguvu kadiri mwendo unavyopungua, na kulegeza mara gurudumu linapoanza kuburuzika. Vitenzi "bana" na "legeza" vinaeleza tendo hilo vizuri zaidi kuliko "funga".

Mfano wa pili ni "kanyaga". Kwa dereva wa matatu, kukanyaga ni kuongeza mafuta. Kwa mwendesha baiskeli wa zamani, ni kuzungusha pedali kwa nguvu zake. Kwa mwendeshaji wa baiskeli ya umeme, maana hizo mbili hukutana: kila anapozungusha pedali, huiamuru mota pia. Mwanagenzi anayeambiwa "kanyaga kidogo" apate kujiweka sawa kwenye foleni ya kivukoni anaweza kurushwa mbele bila kutarajia. Ni muhimu basi mafundisho yatenganishe "kuzungusha pedali" na "kuita mota", au yatumie maneno mengine ambayo waendeshaji wenyewe watayakubali.

Mifano hii inaonyesha kwamba kazi ya istilahi haimaliziki kwa kutafuta nomino za vifaa. Nomino kama breki, betri na mota zimekwisha kutoholewa na hazimtatizi mtu. Upungufu umo katika vitenzi, yaani katika kueleza kwa usahihi mkono ufanye nini, wakati gani na kwa kiasi gani.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba hatari za baiskeli ya umeme Mtongwe zina asili moja: kasi iliyoongezwa bila kuongezwa uwezo wa kusimama. Mvua, mchanga, mteremko wa feri, upepo wa kusi na giza la magharibi hurefusha umbali wa kusimama au hufupisha umbali wa kuona, kila moja kwa njia yake. Mwendeshaji anayeielewa hesabu hiyo anaweza kuamua mwenyewe hata penye hatari ambayo haikutajwa hapa.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, liko jukumu lililo wazi. Kijitabu cha kurasa chache, kilichoandikwa kwa vitenzi sahihi na kusomwa kwanza mbele ya mafundi na waendeshaji wa Likoni ili wakisahihishe, kingekuwa utafiti wa istilahi wenye manufaa ya moja kwa moja. Watu wa Mtongwe walikwisha kulipa gharama kubwa kwa chombo kilichobebeshwa kuliko uwezo wake. Hawastahili kujifunza somo lile lile upya kwa chombo kingine, kwa sababu tu maelezo yake hayakuandikwa kwa lugha yao.